Ukikabidhi ofisi, kabidhi na laini ya simu

Hati yangu ya makabidhiano ilikuwa na kurasa 11, na nilijivunia kila ukurasa. Meza, viti, kompyuta, vyerehani, printa ya 3D, mashine ya leza, funguo za stoo zenye vibandiko vya rangi. Mkaguzi wa ndani aliipitia akasema hajawahi kuona makabidhiano safi kama yale pale chuoni. Tukapiga picha, tukanywa soda, nikaaga kituo cha ubunifu na usanifu nilichokiongoza kwa miaka minane hapa Mwanza.

Wiki ya tatu mashine ya leza ikafa.

Nayaandika haya kwa sababu kuna rafiki yangu anakaribia kuachia karakana ya chuo kingine, na ameniomba nimtumie ile hati aige. Ndugu yangu, usiige.

Leza ya aina yetu hukata kwa bomba la kioo lenye gesi ndani, na bomba hilo lazima lipozwe kwa maji muda wote linapofanya kazi. Pampu ya kusukuma maji tuliiweka ndani ya ndoo na kuichomeka kwenye soketi yake peke yake, baada ya pampu ya kwanza kuungua. Umeme ukikatika ukarudi, mashine inawaka. Pampu haiwaki mpaka uibonyeze kwa mkono. Mimi nilijua, fundi sanifu wetu alijua. Kwenye hati niliandika: "Mashine ya leza, 1, nzima." Fundi akaenda likizo, umeme ukakatika, ukarudi, vijana wakaendelea kukata, bomba likapasuka. Lawama zikamwangukia mkuu mpya, dada ambaye hakuwa hata na mwezi kwenye kiti. Kosa lilikuwa langu, na maandishi yangu yapo.

Kwa hiyo andika tabia ya kitu, usiishie kwenye idadi. Kabla hujaondoka, kaa na fundi, mlinzi na mama wa usafi, mmoja mmoja, uwaulize: mnanipigiaga simu kwa jambo gani? Mimi ningeuliza ningegundua mapema kwamba mlinzi ndiye pekee aliyejua kuwa karakana ina mita yake ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, na kwamba namba ya mita hiyo ameiandika kwa chaki nyuma ya mlango. Mtu angepaka rangi mlango ule tungekaa gizani.

Lakini leza ni jambo dogo. Kubwa lilikuwa mfukoni mwangu.

Tulipoanza kituo tulihitaji namba ya kuweka kwenye bango, nikaenda kununua laini. Ikasajiliwa kwa jina langu, na usajili wa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ulipokuja, vidole vikawa vyangu. Miaka ikaenda. Namba ile ikaandikwa kwenye fomu za MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, vijana walipopeleka kazi zao kushindanishwa. Ikaingia kwenye simu za mafundi bati wa Makoroboi waliotusaidia, ikaingia kwenye simu za akina mama wa dagaa pale soko la samaki la Mwaloni. Mpaka hela za bidhaa za wanafunzi zikawa zinapita humo humo. (Najua. Mhasibu alishaniambia mara tatu.) Siku ya makabidhiano haikuwemo kwenye kurasa zile 11. Kidole ni changu, nikaondoka nayo.

Na daraja nalo likanichongea. Nilikabidhi wiki ya mwisho ya Juni 2025 nikahamia nyumbani, Sengerema, siku chache tu baada ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa. Zamani ukivuka Busisi umeondoka kweli, maana ukifikiria foleni ya kivuko unaahirisha safari. Sasa ni kilomita 3 za lami juu ya maji, na mtu mwenye kiherehere kama mimi anaweza kufika ofisini kwa watu kabla chai haijapoa.

Simu zikaanza. Akina mama wa Mwaloni tulikuwa tumewatengenezea chanja za mbao za kuanikia dagaa, zenye paa la nailoni la kufunua na kufunika, kwa sababu dagaa wakinyeshewa bei inaanguka na mzigo unaishia kwenye chakula cha kuku. Mkuu mpya akazisimamisha. Mbao zilikuwa zinaoza miguuni, akataka kujaribu mabomba ya chuma. "Mwalimu, huyu binti amesimamisha kazi yetu," wakaniambia. Nami nikajibu: "Ngoja nizungumze naye." Maneno matatu tu. Kila nilipoyasema nilikuwa nimerudi kitini, na yeye hajui kwamba kimekaliwa.

Jumamosi moja ya Agosti akavuka daraja, akaja nyumbani. Shikamoo, marahaba, karibu chai. Chai akaisogeza pembeni.

"Mwalimu, wiki hii watu saba wameniambia 'Mwalimu amesema'. Naomba kujua, Mwalimu amesema nini?"

Sikuwa na jibu. Mke wangu alikuwa anachambua mchele pale barazani, akacheka peke yake.

Jumatatu tukaenda kwa mhasibu. Chuo kikasajili laini mpya kwa jina la chuo, malipo ya bidhaa yakahamia kwenye mfumo wa malipo wa chuo, bango likapakwa upya. Nikajitoa kwenye kundi la WhatsApp baada ya kumfanya yeye kiongozi wa kundi. Hilo la mwisho, nakiri, liliniuma kuliko kuacha ofisi.

Kisha tukaenda Mwaloni pamoja, alfajiri, wakati dagaa wanashushwa. Usimtambulishe mrithi wako ukumbini tu, mbele ya wakuu wenzako na meza ya soda. Mpeleke mahali watu wanapofanyia kazi, sema jina lake na cheo chake, halafu unyamaze. Kunyamaza ndiko kazi. Akina mama kila walipouliza swali walinitazama mimi. Mimi nikawa natazama ziwa. Swali la nne wakaanza kumtazama yeye.

Kuhusu tarehe sina maneno mengi: kama una uchaguzi, usikabidhi Juni. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, kila mtu anakimbizana na hati za malipo, na mgeni anajikuta anatia saini matumizi ambayo hakuyapanga. Septemba ni bora. Bajeti mpya imeshaanza, na wanafunzi wengi hawajarudi.

Nilitaka pia kumwachia mpango wa miaka mitano. Namshukuru Mungu sikuumaliza.

Chanja za chuma sasa ziko mbili. Juzi nilipita Mwaloni kununua kitoweo nikaziona kwa mbali. Kwa macho yangu miguu yake ni mifupi, mvua za vuli zikipiga matope yatarukia dagaa. Sijapiga simu.