Ukienda kusaka sarafu na washkaji, andikianeni kwanza

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Tabora kaniandikia inboksi, kaona picha ya ile peni yangu, sarafu ya kale ya fedha ya Uingereza, anasema kaka, mimi na washkaji zangu wanne tunataka tuchange tununue detekta, ile mashine ya kutafutia vitu vya madini ardhini, tusake hela za Mjerumani, zile za enzi za ukoloni wake, tuanzie wapi. Nilimjibu kifupi maana nilikuwa nimetoka shifti ya usiku, ila swali lake limenikaa kichwani mpaka leo, na si kwa ajili ya mashine, ni hilo neno washkaji wanne. Mimi nilianza na wawili tu na mmoja hatusalimiani tena.

Naishi Norfolk, mashariki ya Uingereza, nabeba boksi kama wengine, boksi langu mimi ni kulea wazee. Norfolk ni mashamba mpaka macho yachoke na ni moja ya sehemu zinazoongoza nchi nzima kwa vitu vya kale kuokotwa. Mzee mmoja niliyekuwa namhudumia alikuwa msakaji enzi zake, ndiye aliyenifundisha kuisikiliza mashine, chuma kinakoroma, fedha inalia juu kama filimbi, na koili, lile duara la chini la mashine, usiirushe rushe kama unafyeka majani, ipitishe karibu na ardhi polepole. Nikanunua mashine ya bei ya kawaida tu nikawavuta washkaji wawili, mmoja Mkongo wa Bukavu, mwingine wa Tanga kama mimi, huyo nitamwita Mgosi.

Shamba tulilipata kwa kugonga milango. Wanne walitukatalia, wa tano babu mmoja mkulima wa shayiri akatuangalia weee, halafu akasema sawa, kitakachopatikana cha maana tugawane nusu kwa nusu, akatupa mkono. Mkono tu, hakuna karatasi. Kumbukeni hapo.

Miezi ya mwanzo sina cha kusimulia, vifungo, risasi, vizibo, makopo. Halafu siku moja ya Machi, mvua imetoka kunyesha, nikapata sauti nyembamba safi, nachimba sentimita kama 15, natoa donge la udongo, nalipasua kwa vidole, nakuta kitu chembamba kama gamba la samaki. Peni ya Edward I, mfalme wa Uingereza wa zamani. Mfalme anakuangalia usoni na taji lake, ukigeuza kuna msalaba mrefu mpaka ukingoni na vidoto vitatu vitatu kila pembe, na maneno Civitas London, yaani mji wa London kwa Kilatini, unayasoma. Miaka mia saba jamani. Mtu aliidondosha hapo, nadhani alirudi kuitafuta akaikosa, na mimi mtoto wa Tanga ndo naiokota. Nilikaa chini kwenye tope. Sioni aibu kusema nililia.

Babu alipoiona aliiweka kiganjani akakaa kimya, akasema baba yake na babu yake walilima juu ya hii hela maisha yao yote. Akanipa yote niichukue, nusu yake hakutaka. Tukaipeleka kwa ofisa wa mkoa anayeandikisha vitu hivi, ikapigwa picha, ikapimwa, ikaingizwa kwenye kumbukumbu za taifa na mahali ilipotoka. Mpaka leo ukiitafuta unaikuta.

Sasa Oktoba yake mashine ya Mgosi ikaharibika, mi nina shifti wikiendi nzima, nikamwazima ya kwangu. Jumatatu karudisha, nikamuuliza vipi, akasema takataka tu. Kumbe alitoa robo nobo, sarafu ndogo ya mfalme Edward III. Dhahabu. Kwa mashine yangu, kwenye shamba nililoliomba mimi, na akaiuza kimyakimya mjini kwa paundi 900. Tungejuaje? Alishindwa kuzuia mkono, akaipost picha, geti la babu linaonekana nyuma, mtoto wa babu akaiona.

Babu alinipigia mimi. Swali lake lilikuwa moja, ulijua? Nikasema wallahi sikujua. Akanyamaza, halafu akasema naomba msirudi tena. Hakunitukana, na angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Nilipomfuata Mgosi alikuja na sheria. Akasema sheria ya hazina ya huku ya 1996 inataka sarafu mbili na kuendelea za dhahabu au fedha, zilizofukiwa pamoja, zenye zaidi ya miaka 300, ndo unatakiwa uripoti ndani ya siku 14, hii ni moja, kwa hiyo si hazina, kwa hiyo ni yangu. Nusu ya kwanza kweli kabisa. Ila kama si hazina basi ni mali ya mwenye shamba, mpaka mwenyewe akubali vingine, na babu alikubali nusu, hakukubali kuibiwa. Yani mtu anajua sheria yote mpaka pale inapomfaidisha, hapo anaifunga.

Ndugu zangu, sarafu haimbadilishi mtu, inamfukua tu. Mwaka 1992 pale Hoxne, Suffolk, jirani zetu hapa, mzee Eric Lawes alikuwa anamtafutia rafiki yake mkulima nyundo iliyopotea shambani. Akaangukia hazina ya Warumi, sarafu karibu 15,000. Hakuchimba yote, alisimama akaita wahusika, ndo maana waakiolojia waliikuta imepangika kwenye sanduku vilevile ilivyowekwa. Alilipwa paundi milioni 1.75 akagawana na mkulima wake. Nyundo pia ilipatikana. Halafu 2015 kule Herefordshire wawili wakapata hazina ya enzi za Waviking, sarafu zinakadiriwa 300, wakaficha wakauza pembeni, 2019 wakafungwa, na mpaka hapo zilizopatikana zilikuwa kama 30 tu. Nyingi ya zile nyingine historia yake imepotea. Utajiri gani huo?

Kwa hiyo kijana wa Tabora, detekta utaipata, hiyo si shida. Kwanza andikianeni, nani katoa shilingi ngapi, mashine ikiazimwa inahesabiwaje, mwenye shamba anapata nini, kila mtu asaini na mwenye shamba asaini. Usiseme sisi ni kama ndugu. Hata Qur'ani imetuambia tukikopeshana tuandikiane, na waliambiwa hivyo waumini, si wezi. Pili kila kinachotoka ardhini wote wakione siku hiyohiyo. Tatu nenda kwanza ofisi ya mambo ya kale, sheria yetu ya 1964 inalinda vitu vya kabla ya 1863 na uchimbaji wa mali za kale unataka leseni, hela za Mjerumani ni za baadaye lakini huwezi kujua sepetu itagonga nini. Na msifuate ndoto za zile sarafu za dhahabu za rupia 15, hela ya Mjerumani, zenye tembo, zilizopigwa hapohapo kwenu Tabora 1916 vita ya kwanza ya dunia imewabana Wajerumani. Wengi wanaokuletea ramani yake wanataka nauli yako. Heleri za shaba, zile senti za Mjerumani, ndo mtakutana nazo, na ni nzuri, zipendeni. Na andikianeni, nairudia kwa sababu ndiyo iliyonigharimu.

Mimi na Mkongo tumepata shamba jipya mwezi uliopita, mama mmoja mjane. Karatasi tuliiandika mezani jikoni kwake, akaisoma mara mbili, akasaini, akatupa chai. Njia ya kwenda kwake inapita mbele ya geti la babu. Nikimwona kwenye trekta napunguza mwendo nampungia mkono. Jumamosi iliyopita na yeye alinyanyua wa kwake.