Usilipe amana ya pete hiyo kabla alama zake za ndani hazijasomwa

Ndugu uliyeuliza kuhusu pete ya uchumba, tafadhali usipeleke amana hiyo Jumamosi. Umeandika kwamba muuzaji wa huko Birmingham amekuwekea pete tatu: moja ya enzi ya Malkia Victoria, moja ya miaka ya 1920, na ile iliyokuvutia zaidi, anayodai ni ya enzi ya Mfalme Edward VII, yenye tanzaniti katikati na almasi ndogondogo pembeni. Ukauliza ipi itampendeza mchumba wako mwenye vidole vyembamba, na ipi itahimili kuvaliwa kila siku. Mfalme Edward alifariki mwaka 1910. Tanzaniti iligunduliwa Mererani mwaka 1967, na ni kampuni ya Tiffany iliyoipa jina hilo na kuiingiza sokoni mwaka uliofuata. Kwa hiyo ama pete yote ni ya juzi, ama ni pete ya kale iliyong'olewa jiwe lake na kupachikwa jingine, na kwa vyovyote vile bei uliyotajiwa si bei yake. Inaniuma zaidi kwamba ni Mtanzania anayeuziwa jiwe la kwao kwa hadithi ya namna hiyo.

Ninasema kwa ukali kwa sababu nami niliuziwa hadithi. Pete yangu ilielezwa kuwa ya Art Deco, yaani mtindo wa mapambo wa miaka ya 1920 na 1930, ya mwaka 1925 hivi, dhahabu ya karati 18, yenye yakuti ya bluu ya mraba. Muuzaji, mzee mwenye sauti ya upole, alinisimulia habari za bibi aliyeivaa maisha yake yote na kufariki bila wa kumrithi, nami nikalipa bei ya kitu cha kale. Mimi na mchumba wangu, ambaye sasa ni mke wangu, tulipoipeleka kwa sonara mwingine ili ipunguzwe, sonara huyo aliitazama kwa lenzi ya kukuza mara 10, akanyamaza kidogo, kisha akanikabidhi lenzi nijionee mwenyewe. Upande wa ndani kulikuwa na nanga, ambayo ndiyo alama ya ofisi ya Birmingham inayopima usafi wa dhahabu na kuigonga muhuri, na pembeni yake tarakimu 750, yaani sehemu 750 za dhahabu safi katika kila 1000. Alinieleza kwamba dhahabu ya karati 18 iliyopimwa Uingereza miaka ya 1920 iligongwa taji na namba 18, na kwamba tarakimu 750 zilianza kugongwa kwenye dhahabu iliyotengenezwa huko mwaka 1975, sheria mpya ya mihuri ilipoanza kutumika. Nusu karne nzima ilikuwa imeongezwa kwa mdomo tu. Chini ya jiwe, mahali ambapo kitambaa cha kung'arishia hakifiki, kulikuwa na vishimo vidogo sana vya dhahabu iliyomiminwa kwenye kalibu, ilhali pete nyingi nzuri za miaka ile ziligongwa kwa chuma na kumaliziwa kwa mkono, na hazina vishimo hivyo.

Jiwe lenyewe lilikuwa na mistari ya rangi iliyopinda, na yakuti ya ardhini huwa na mistari iliyonyooka inayokutana kwa pembe. Kwa hiyo lilitengenezwa na binadamu. Hapo nitende haki: jiwe la kutengenezwa peke yake halithibitishi udanganyifu, kwa kuwa mwanakemia Mfaransa Verneuil alitangaza rubi zake za kuyeyushwa kwa moto mwaka 1902, yakuti za bluu zikafuata miaka michache baadaye, na masonara wa miaka ya 1920 walizitumia bila kificho. Kilichonikera ni kwamba yule mzee alikuwa katika kazi hiyo kwa miaka mingi, na nanga na 750 alikuwa amezisoma kabla yangu. Nilipomrudia, alinionyesha risiti: "pete ya mtindo wa Art Deco, jiwe la bluu." Hapakuwa na mwaka wala neno yakuti. Sheria ya Uingereza ya haki za walaji ya 2015 inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouzwa nayo, lakini maelezo yaliyosemwa kwa mdomo, tukiwa wawili tu dukani, ningeyathibitishaje? Mtu anayemwona kijana amekuja kununua pete ya kumposea binti wa watu, akaitumia furaha hiyo kumwibia, hana ninachoweza kumsifia.

Kwa hiyo, kabla hujatoa hata pauni moja, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti miaka ya pete kwa tarakimu, madini yake, kama jiwe ni la ardhini au la kutengenezwa, kama ndilo jiwe lake la awali, na kwamba utarudishiwa fedha zako zote ikiwa mpimaji asiyehusika naye atabaini tofauti. Muuzaji mwaminifu ataandika bila kusitasita, na anayekataa muage hapo hapo. Usiogope pete isiyo na muhuri kamili, kwa kuwa pete nyingi za kale zenye mawe hazikupelekwa kupimwa, na platini haikuwa na muhuri rasmi Uingereza kabla ya 1975, hivyo ya mwaka 1910 inaweza kuwa na neno PLAT tu au isiwe na kitu. Cha kuogopa ni muhuri unaopingana na hadithi.

Ile ya enzi ya Victoria hujaweka picha ya upande wake wa ndani. Ipige picha karibu na dirisha, mbali na taa za duka, uiweke hapa kabla ya Jumamosi. Dhahabu ya karati 15 iliruhusiwa mwaka 1854 na kufutwa mwaka 1932. Ikiwa ndani kuna 15 na .625 (yaani sehemu 625 za dhahabu safi katika kila 1000), basi hiyo ndiyo pete ya kuanza kuizungumzia bei.