Omo ya Zulu, Tezi ya Nubian

SWALI: Mhariri, mzee mmoja wa mtaani kwetu ambaye zamani alikuwa baharia hutusimulia barazani kwamba katika Vita ya Kwanza ya Dunia Waingereza walichukua manowari mbili zilizoharibika wakaziunga zikawa moja, na kwamba manowari hiyo baadaye ilizamisha nyambizi ya Wajerumani. Wengine wetu tumedhani anatupiga porojo. Je, chombo hicho kiliwahi kuwapo, na kama kiliwahi kuwapo, kilitumikaje? – Msomaji, Mombasa.

JIBU: Mzee wenu hakutia chumvi, isipokuwa pengine katika hilo la nyambizi, ambalo tutalifikia. Manowari hiyo iliitwa HMS Zubian, nayo ilitokana na HMS Zulu na HMS Nubian, ambazo zote zilikuwa destroya, yaani manowari ndogo zenye mbio zilizobuniwa kwanza ili kuwinda mashua za kurushia topedo. Zilishushwa majini mwaka 1909 zikiwa miongoni mwa manowari 12 za kundi lililopewa majina kama Maori, Mohawk, Cossack na Viking. (Mnubi anayetajwa hapa ni wa Nubia ya bonde la Nile, si jirani yetu wa Kibera.)

Kuna jambo moja ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka, nalo ndilo linaloipa habari hii uzito. Wakuu wa jeshi la majini la Uingereza walitaja walichokitaka, ikiwa ni pamoja na mbio za noti 33 (yaani maili 33 za baharini kwa saa) na tanuri za kuchoma mafuta badala ya makaa ya mawe, kisha wakaviachia viwanda vichore michoro yao wenyewe. Zulu iliundwa na kampuni ya Hawthorn Leslie huko Hebburn kwenye Mto Tyne, ilhali Nubian iliundwa na Thornycroft huko Southampton, upande wa pili kabisa wa nchi. Matokeo yake ni kwamba vyombo vya kundi hilo vilifanana kwa jina la ukoo kuliko kwa umbo. Viking, kwa mfano, ilikuwa na dohani sita, jambo ambalo hakuna destroya nyingine ya Uingereza iliyowahi kuwa nalo.

Vita ilipoanza, zote mbili zilipelekwa Dover kulinda mlango wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa, mahali ambapo askari na shehena zilivuka kila siku. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Oktoba 1916, manowari za Kijerumani kutoka pwani ya Ubelgiji ziliushambulia mlango huo, na Nubian, iliyotangulia mbele ya wenzake ikiwa peke yake, ilipigwa topedo sehemu ya mbele. Ilijaribiwa kuvutwa hadi bandarini, lakini dhoruba iliishinda kamba, chombo kikasukumwa na mawimbi hadi chini ya majabali ya South Foreland na kukwama hapo bila omo, yaani sehemu yake ya mbele. Siku chache baadaye, tarehe 8 Novemba, Zulu ilikanyaga bomu la kutegwa baharini karibu na Dunkirk. Bomu lilipasukia chini ya chumba cha injini, tezi, yaani sehemu ya nyuma, ikazama, na sehemu ya mbele ikavutwa hadi Calais.

Waswahili husema, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Safari hii mafundi walikuwa na omo isiyo na tezi, na tezi isiyo na omo. Ilikuwa bahati pia kwamba majeraha yenyewe yalikamilishana: katika destroya za wakati ule, tanuri na injini zilichukua sehemu kubwa ya katikati, na rafadha, yaani mapanga yanayosukuma chombo majini, zilikuwa nyuma, kwa hiyo Nubian ilibakiwa na uwezo wake wa kwenda, na kilichopungua kilikuwa kichwa tu. Kichwa hicho Zulu ilikuwa nacho.

Vipande vyote viwili vilipelekwa katika karakana ya jeshi huko Chatham, vikawekwa chelezoni na kuunganishwa. Hapo michoro ya viwanda viwili ikadai haki yake, kwa sababu upana wa vipande hivyo ulitofautiana kwa milimita 89 hivi. Kipimo hicho ni kama upana wa kiganja cha mkono. Kwa mtu mwenye kabati la mbao ni kosa la kuchekesha, lakini kwa bamba za chuma ambazo sharti zikutane ubavu kwa ubavu na kuzuia bahari isiingie, ni kazi ya kurekebisha maungo taratibu hadi umbo moja liingie katika jingine. Binafsi ninawastahi zaidi mafundi hao kuliko yeyote aliyeiongoza meli hiyo baadaye.

Manowari mpya ilianza utumishi mwezi Juni 1917. Jina lake lilibuniwa kwa utani, lakini ni utani wenye mpangilio: ukilisoma kutoka kushoto unaanza na Zulu na kumalizia na Nubian, sawasawa na mtu anayetembea sitahani kutoka omo hadi tezi.

Ilirudi katika doria ile ile ya Dover. Tarehe 4 Februari 1918 iliishambulia nyambizi kwa mabomu ya kina, yaani yale yanayolipukia chini ya maji, ikahesabiwa kuwa imeizamisha UC-50, na habari hiyo ndiyo iliyomfikia mzee wenu. Watafiti wa baadaye wameitilia shaka, kwani inaelekea UC-50 ilikuwa imekwisha kupotea kwingine mwezi mmoja kabla. Mwambieni kwa adabu, maana kosa si lake. Hata wakubwa wa jeshi waliamini hivyo.

Amani ilipokuja, hakuna aliyekuwa na haja ya chombo kilichochoka namna ile. Zubian iliuzwa Desemba 1919 na kuvunjwavunjwa huko Sunderland, mwendo mfupi tu kutoka Hebburn, ilikozaliwa omo yake.