Kwa wadogo zangu mnaoanza atachimenti kwenye kiwanda cha dawa

Wiki hii nimekuta rekodi ya bachi (kundi moja la dawa linalotengenezwa pamoja) kwenye chumba cha kupiga tembe, safu ya uzito imejazwa hadi mwisho wa zamu, na zamu yenyewe haijafika nusu. Mwenye mwandiko ule ni kijana mchapakazi, anafika kiwandani Changamwe mapema kuliko sisi wenye kazi. Sikumfokea. Nilimkalisha nikamweleza, kisha nikaona afadhali niwaandikie nyote, maana kila kundi linaloingia huja kuangukia shimo lilelile.

1. Udi, marashi, wanja, pete, bangili, asumini za nywele: vyote huishia chumba cha kubadilishia nguo. Najua Ijumaa ni Ijumaa na nguo zimefukizwa tangu alfajiri, lakini mgonjwa hakununua tembe inayonukia udi. Hina ya mkononi haina neno, glavu zipo. Kucha za kubandika hapana, na msinibembeleze.

2. Rekodi zetu zinakwenda kwa saa 24. Saa nne usiku ni 22:00. Si 04:00. Nimeshasoma rekodi ambayo chembechembe, yaani unga wa dawa uliofanywa punje, zilipigwa tembe kwanza ndipo zikakaushwa, kwa sababu tu mwandishi alihesabu saa kama anavyohesabu nyumbani. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa, lililo chini libaki linasomeka, andika sahihi pembeni, kisha saini na tarehe. Wino mweupe wa kufutia usionekane hata mfukoni mwako.

3. Uzito. Hapa nitakaa kidogo.

Mashine ya kupiga tembe haijui miligramu. Inachojua ni ujazo wa tundu, ndiyo dai: dai inajaa, panchi ya juu inashuka kukandamiza, tembe inatoka. Chembechembe zikitiririka vizuri, uzito unakaa. Zikivuta unyevu zinagandamana kama chumvi ya kopo wakati wa masika, dai haijai sawasawa, na tembe inatoka nyepesi huku kwa macho haina kasoro yoyote. Na sisi tuko Mombasa. Aprili na Mei hewa ya nje yenyewe ni maji. Mlango ukiachwa wazi, au mfuko wa plastiki ndani ya pipa usipofungwa tena baada ya kuchota, unyevu haungoji ruhusa ya mtu.

Nilikuwa zamu ya usiku, mwanafunzi kama nyinyi, mvua inapiga mabati. Tulikuwa tunapiga kotrimoksazoli, dawa ya kuua bakteria, ya miligramu 480, na tembe nzima ilitakiwa iwe na uzito wa miligramu 560. Kila nusu saa unatoa tembe 20, unapima, unaandika. Mizani ilikuwa imetulia tangu jioni: 561, 559, 560. Mkubwa wangu akasema uzito wa mashine hii hautembei. Nikajaza mistari mitatu ya mbele, nikabadilisha tarakimu ya mwisho hapa na pale ili ifanane na kweli, nikaenda kunywa chai. Kumbe pipa lililokuwa likimiminwa kwenye hopa, mdomo wa kulishia mashine, lilikuwa limeshinda wazi tangu machweo.

Afisa wa ubora aliingia saa nne na dakika kumi. Akaisoma rekodi, akatazama saa ya ukutani, akaisoma tena. Uzito wa saa tano ulikuwa umeshaandikwa na kutiwa saini yangu. Hakusema kitu. Alichota tembe 20 mwenyewe na kuziweka kwenye mizani moja moja: 538, 524, 519. Kwa tembe inayozidi miligramu 250, famakopia, kitabu cha viwango vya dawa, inaruhusu mbili tu kati ya ishirini ziachane na wastani kwa zaidi ya asilimia 5, na isiwepo hata moja ya kupita asilimia 10. Nasi wastani wenyewe ulikuwa umeshatuponyoka.

Sasa sikilizeni kilichoniumiza. Kama ningepima kila nusu saa, tungejua uzito ulianza kushuka lini. Tungetenga tembe za nusu saa ile, tukabakiza zilizo nzuri. Lakini rekodi ilikuwa ya uongo, na nzuri na mbovu zilikuwa zimeshachanganyika kwenye pipa moja. Hapakuwa na pa kukata. Bachi yote ilipata lebo nyekundu na kupelekwa kuteketezwa. Na wengi wanaomeza kotrimoksazoli kila siku hapa kwetu ni watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wanaoitegemea iwakinge na maradhi nyemelezi. Tembe pungufu ingemfikia mtu kama huyo, saini yangu ikimwambia kila kitu ni sawa. Sijaandika namba ya mbele tangu usiku ule, na nikiona mwenzangu anaandika, siwezi kunyamaza.

Kwa hiyo pima, ndipo uandike. Ukichelewa dakika kumi, andika umechelewa dakika kumi. Hakuna aliyefukuzwa kwa kuandika kwamba mashine ilimshughulisha.

4. Kabla bachi mpya haijaanza, piga magoti uchungulie chini ya mkanda wa laini. Lebo moja ya dawa ya jana ikiingia kwenye bachi ya leo inatosha kuiharibu.

5. Mtakaopelekwa upande wa sharubati, yaani dawa za maji: glaiserini na propilini glaikoli, vimiminika vya kutengenezea dawa hizo, hazitolewi ghalani bila lebo ya kijani ya kupitishwa, na kila pipa linapimwa utambulisho wake, si pipa moja kwa niaba ya wenzake. Daiethilini glaikoli inafanana nazo: haina rangi, ni nzito, ina utamu, na inaua figo. Mwaka 1937 Marekani ilizika zaidi ya watu 100 kwa dawa ya maji iliyotengenezwa nayo. Msidhani ni hadithi ya mababu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu sharubati za watoto zilizokutwa na sumu hiyo nchini Gambia, ambako vifo vya watoto zaidi ya 60 vilihusishwa nazo. Mtu akikwambia "chota tu, cheti kinakuja," weka kata chini umpigie simu afisa wa ubora, hata ikiwa ni saa nane za usiku na yuko kitandani kwake Likoni.