Usimcheze Ferdinand kama malaika, yalinikuta

Usithubutu. Unasema umepewa nafasi ya Ferdinand kwenye Kabale und Liebe, igizo la Mjerumani Schiller, unauliza mavazi, namna ya kukariri mistari, na jinsi ya kuwafanya watu wamlilie "kijana asiye na hatia aliyeponzwa na barua". Mavazi na mistari yatasubiri. Kwanza hilo la "asiye na hatia", maana ndilo lililonizika.

Nilimcheza hivyo hivyo. Mwongozaji wetu (Mungu amsamehe, mimi bado) aliniambia siku ya kwanza ya mazoezi: "Wewe ni mwanga, giza ni baba yako na yule katibu wake, Wurm." Nikameza. Kisha akafyeka onyesho la 4 la sehemu ya 3, eti kuvunja fidla kila usiku ni gharama. Gharama! Tukaokoa fidla, tukaua igizo.

Lisome hilo onyesho leo kabla hujalala. Ferdinand anamtaka mpenzi wake Luise, binti wa mzee Miller mpiga muziki, watoroke. Luise anasema hawezi kumwacha baba yake. Jamaa ananyamaza, anachukua fidla, anajaribu kuipiga, anakata nyuzi, anaibamiza chini, anaangua kicheko. Muda si muda anamwambia binti wa watu kwamba kinachomshika pale ni mwanamume mwingine. Na barua ya uongo haijaandikwa bado! Wurm anamlazimisha Luise kuiandika maonyesho mawili mbele, ionekane ni barua ya mapenzi kwa von Kalb, mtu wa ikulu, ili Ferdinand aione. Barua ilipobisha hodi, wivu ulikuwa ndani umeshavua viatu.

Bila onyesho hilo nilibaki bwege aliyeokota karatasi akaamini. Usiku wa kwanza tukafika pale von Kalb, akiwa mbele ya bastola, anaapa kuwa hajawahi hata kumwona huyo Luise, nami naendelea kufoka kama kiziwi. Mama mmoja safu ya mbele akasema kwa sauti: "Si amekwambia hamjui?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nami nikacheka kidogo, nikajifanya ni wazimu wa mhusika. Rafiki yangu anasema ndicho kipande pekee nilichoigiza vizuri.

Kuanzia hapo hadi Ferdinand anapotia sumu kwenye maji ya limau ya Luise, hakuna aliyekuwa nami. Luise anakata roho, mtazamaji anatafuta funguo zake.

Kwa hiyo shika hili moja tu: mcheze kama mtu aliyekwisha kumhukumu Luise, sasa anatafuta ushahidi. Huyu ni mtoto wa mkubwa, meja akiwa na miaka 20, vyeo vyote kapata kwa mgongo wa baba. Luise ndiye anayemwambia hapana, na hapana hiyo haimwingii akilini. Halafu kuna ule mfuko wa dhahabu anaompa mzee Miller. Mzee anakaribia kuruka kwa furaha, anaanza kupanga atakavyomfanyia bintiye. Mimi nilitoa machozi ya ukarimu pale. Ukarimu! Mtu anamlipa baba kwa mtoto anayekwenda kumuua baada ya dakika chache, mimi nalengwalengwa na machozi kama bwana harusi.

Kesho muulize mwongozaji wako kama onyesho la fidla lipo. Akianza habari za gharama, niandikie. Ninayo fidla mbovu hapa chumbani, niliinunua wiki moja baada ya igizo kuisha.