"Bure" Husemwa na Mtoaji

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki hii limeuliza hivi: mtu akinakili wimbo, kitabu au mahubiri bila ruhusa ya mwenyewe, lakini kwa ajili ya kazi ya Mungu, je, amekosa? Nimefundisha kwaya kwa miaka 23. Kwa zaidi ya nusu ya miaka hiyo ningewajibu kwamba hajakosa, tena bila kusita. Leo nasema amekosa. Kilichonigeuza ni nota moja ya sauti ya pili.

Ilikuwa Pasaka. Wimbo tuliouimba niliupata kama kwaya nyingi zinavyopata nyimbo zake: kopi ya kopi ya kopi. Nilipewa na mwalimu mwenzangu, naye alipewa na mwingine. Kila karatasi ile ilipopita kwenye mashine ukingo wa chini ulikatika kidogo, hadi mstari wenye jina la mtunzi ukaisha kabisa. Kwa hiyo katika ratiba ya ibada niliandika: Mtunzi hajulikani. Tuliimba vizuri. Baada ya ibada, nikiwa nakusanya karatasi, alinijia mzee mmoja mgeni. Nikamwamkia. Akatupongeza, kisha akaomba aione nakala yangu. Akaweka kidole kwenye kiitikio, mstari wa pili.

"Mwalimu, hapa sauti ya pili inashuka nusu toni. Alama imefutika."

"Umejuaje, mzee?"

"Niliuandika mimi."

Hakunidai kitu. Alikaa nami kwa muda akiisahihisha nakala yangu kwa penseli. Alipomaliza aliichukua ile ratiba ya ibada, akaitazama, akaikunja, akaitia mfukoni. Nilikuwa nimelitangazia kanisa zima kwamba hajulikani, naye amekaa benchi la nne.

Tangu siku ile nimeyapima upya maneno tunayojitetea nayo. La kwanza, na ndilo lenye sauti ya kiroho kuliko yote, ni kwamba wimbo ni wa Bwana. Roho Mtakatifu ndiye aliyempa mtunzi, kwa hiyo hauna mwenyewe hapa duniani. Nilikuwa nalisema hili kwa moyo safi. Lakini fungua Kutoka sura ya 31. Fundi wa kwanza tunayeambiwa kwamba Mungu amemjaza roho kwa ajili ya kazi ya mikono, anatajwa kwa jina lake, jina la baba yake, jina la babu yake na kabila lake: Bezaleli mwana wa Uri, mwana wa Huri, wa kabila ya Yuda. Kujazwa roho hakukumfutia jina. Kisha tazama Zaburi. Kitabu kile cha nyimbo kimenakiliwa kwa mkono kwa mamia ya miaka, na wanakili wake wakaendelea kuandika juu ya zaburi 12 kwamba ni za Asafu, na juu ya nyingine kwamba ni za wana wa Kora. Wamehifadhi hata maagizo kwa mwimbishaji, mengine ambayo leo hakuna ajuaye maana yake kwa hakika. Watu wale hawakuwa na mashine, na kila herufi iliwagharimu wino na macho. Mimi niliyekuwa na mashine niliona mstari mmoja wa jina ukinipotea, wala sikujali.

Utetezi wa pili ni andiko, nalo tunalijua wote: mmepata bure, toeni bure. Mathayo 10, mstari wa 8. Nimelisikia likitajwa na vijana wanaogawana albamu za injili kwa fleshi, na wazee wanaochapa vitabu vya watu kwa ajili ya semina. Soma mbele kidogo tu. Mstari wa 10, katika maagizo yale yale kwa wanafunzi wale wale, Yesu anasema mtenda kazi astahili posho lake. Agizo la kutoa bure amepewa anayetoa. Anayepokea ameambiwa jambo jingine: amlishe mtenda kazi. Sisi wapokeaji tumelichukua agizo la mwenzetu tukamsomea kwa sauti, letu tukaliruka.

Nami siwapingi wanaotoa bure. Nawapenda. Mwimbaji wa Marekani Keith Green mwaka 1980 aliitoa albamu yake kwa kila aliyeitaka alipe kadiri awezavyo, hata kama hana kitu. Alikuwa na haki ya kufanya hivyo kwa sababu kazi ilikuwa yake. Lakini wapo watunzi ambao watoto wao wanakula kutokana na nyimbo hizo, nao pia wanamtumikia Mungu. Hakuna aliyenipa mimi mamlaka ya kuwa mkarimu kwa jasho lao.

Mtu aliyenifundisha zaidi katika hili ni John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti. Mwaka 1780 alitoa kitabu kikubwa cha nyimbo za Wamethodisti, nyingi zikiwa za mdogo wake Charles. Katika dibaji aliwagusia waungwana waliokuwa wakizichapa nyimbo zao bila kuwataja. Aliwaambia wanakaribishwa kabisa kuzichapa, mradi wazichape kama zilivyo. Alichowasihi ni wasijaribu kuzitengeneza, kwa maana kwa kweli hawawezi. Na anayeshindwa kujizuia aweke maneno ya asili pembeni au chini ya ukurasa, ili yeye na ndugu yake wasibebeshwe upuuzi wa watu wengine. Ukiyasoma maneno yale huoni mtu mwenye uchu wa fedha. Unaona mtu anayeruhusu, na anayejua kwamba ruhusa ni yake kuitoa na masharti ni yake kuyaweka. Kuhusu yale makopi yanayobadilishwa beti, yanayopunguzwa mistari migumu, yanayotiwa maneno ya mchungaji wetu mahali pa maneno ya mtunzi, sijui kama kuna aliyesema vizuri zaidi.

Na niseme hili pia, maana nisiposema nitakuwa nimewadanganya wasomaji: Wesley huyo huyo, mwaka 1775, alitoa kijitabu kuhusu mgogoro wa makoloni ya Marekani ambacho sehemu yake kubwa aliitoa katika maandishi ya mwandishi Mwingereza Samuel Johnson bila kumtaja, akashambuliwa hadharani kwa hilo. Hata mtu wa dhamiri kali namna ile aliteleza. Ndiyo maana naliogopa kosa hili. Halimtishi anayelitenda, linakuja limevaa joho la kwaya.

Martin Luther naye hakuwa akipokea malipo kwa vitabu vyake. Hata hivyo mwaka 1525, baada ya mahubiri yake kuibwa kwenye karakana ya uchapaji kabla hayajakamilika na kuchapwa katika mji mwingine, aliwaandikia wachapaji kwa uchungu, akiwauliza imekuwaje wanyang'anyane na kuibiana waziwazi. Hasara ya wachapaji walioibiwa ilimuuma, lakini makosa yalimuuma vilevile: nakala zile ziliharibiwa hivi kwamba mahali pengine hakuitambua kazi yake mwenyewe. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka yule mzee na alama yake ndogo iliyofutika. Kwaya ngapi zilikuwa zikiimba nota isiyo sahihi, zikifundishana, kwa sababu hakuna aliyejua amwulize nani?

Sheria sitaikalia sana, maana kila nchi ina yake, ila mfano mmoja unasaidia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki uliomalizika mwaka 1965, uliruhusu misa katika lugha za watu, na parokia zikahitaji nyimbo mpya kwa haraka. Mashine za kudurufu zikafanya kazi. Mwaka 1976 kampuni ya FEL Publications, iliyochapa nyimbo nyingi za wakati ule, ilimshtaki askofu mkuu wa Chicago kwa sababu parokia zilikuwa zikizinakili nyimbo zake bila ruhusa. Mwaka 1984 baraza la mahakama liliipa kampuni hiyo zaidi ya dola milioni 3, ingawa sehemu kubwa ilitenguliwa kwenye rufaa. Makanisa mengi yalishtuka. Howard Rachinski, aliyekuwa kiongozi wa muziki katika kanisa moja mjini Portland, Oregon, alitafuta njia ya kulisaidia kanisa lake lipate ruhusa halali, na kutokana na juhudi hizo ikazaliwa CCLI, shirika linaloyapa makanisa leseni za kunakili nyimbo, mwaka 1988. Kanisa linalipa leseni ya mwaka kulingana na idadi ya waumini wake, linatoa taarifa ya nyimbo lilizonakili, na watunzi wanapata mirabaha.

Watu wengi huchanganya kuimba na kunakili. Sheria ya Marekani, kwa mfano, inaruhusu wimbo uimbwe ndani ya ibada, mahali pa ibada, bila kumlipa mtunzi. Ruhusa hiyo haikupi haki ya kuyachapa maneno yake, kuurekodi, wala kuurusha ibada inaporushwa mtandaoni. Tangu mwaka 2020, milango ya makanisa ilipofungwa na ibada zikahamia kwenye simu, wengi wetu tulivuka mpaka huo bila kujua kwamba upo. Simlaumu asiyejua. Namlaumu aliyeambiwa akasema, "Nani atatushtaki?"

Mahubiri ndiyo yanayonipa tabu zaidi, na hapa naomba wasomaji wachungaji wanivumilie. Mtakatifu Augustino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, katika kitabu chake juu ya mafundisho ya Kikristo alichokimaliza mnamo mwaka 426, anasema wapo watu wenye kipaji cha kunena wasioweza kutunga, na si vibaya wakichukua yaliyoandikwa vizuri na wengine, wakayakariri na kuyatoa kwa watu. Anajua hata pingamizi lililopo, lile la Yeremia 23:30, kwamba Bwana yu kinyume cha manabii wanaopokonyana maneno yake. Anajibu kwamba mwizi huchukua kisicho chake, bali neno la Mungu si mali ya mtu mwingine kwa wanaolitii. Nimelifikiria sana jibu hilo na sina ubavu wa kulipinga. Lakini Augustino haongezi kwamba mhubiri asimulie ajali ya mtu mwingine kana kwamba imempata yeye, au mtoto wa mwenzake kana kwamba ni wake. Nimewahi kusikia ushuhuda mmoja, neno kwa neno, kutoka mimbari mbili tofauti, na kila mhubiri alisema "mke wangu". Nakala ya namna hiyo haimwibii mtunzi peke yake. Inawaibia waliokuwa wakilia kwenye mabenchi.

Bado kuna utetezi mmoja, nao nauheshimu: hatuna fedha. Kwaya ina watu 40, nota zinauzwa nakala moja moja, na mfuko wa kwaya ni mtupu. Nimekuwa mwalimu wa kwaya hiyo. Ila nimegundua kwamba umaskini wetu mara nyingi ulikuwa uvivu wa kuuliza. Nilianza kuandika barua. Watunzi wengine hawakujibu. Wawili waliomba malipo, tukachangishana. Walio wengi walijibu kwa furaha iliyonitia aibu: imbeni, andikeni jina tu, na mkirekodi mtutumie tusikie. Zaidi ya hapo, kuna hazina isiyohitaji barua. Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ulioanzishwa mwaka 1886, leo unataka kazi ilindwe muda wote wa uhai wa mtunzi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Muda wa ulinzi ukiisha katika nchi yako, kazi ni ya wote. Tenzi za Isaac Watts, mtunzi Mwingereza aliyefariki mwaka 1748, hakuna wa kuzidai, isipokuwa umechukua tafsiri mpya au mpangilio mpya wa sauti, ambao nao una mwenyewe. Kwaya isiyo na kitu inaweza kuimba mwaka mzima bila kumgusa mtu.

Na kama hazina hiyo haitoshi? Daudi alipotaka kujenga madhabahu kwenye uwanja wa Arauna, mwenye uwanja alimpa vyote bure: uwanja, ng'ombe, hata kuni. Mfalme alikataa. Alisema hatamtolea Bwana sadaka asiyoigharimia, akalipa shekeli 50 za fedha. Arauna alikuwa amekwisha kusema "bure" kwa kinywa chake, na bado Daudi alilipa. Sisi tulikuwa tunauchukua uwanja mwenyewe akiwa hajui, kisha tunajenga madhabahu juu yake na kuimba kwa nguvu.

Siku hizi kwaya yetu ina daftari. Kila wimbo una ukurasa wake: jina la mtunzi, tulikoupata, nani ametuidhinisha, tarehe. Katibu analisoma kabla hatujaanza kujifunza wimbo mpya, na wanakwaya wapya huliona kero mwanzoni. Ukurasa wa kwanza ni wa mzee yule. Nakala yenye penseli yake nimeibandika hapo, na jina lake ameliandika mwenyewe pale chini, palipokuwa pamekatika. Kurasa tatu bado hazina jina. Nyimbo hizo ni nzuri, moja watu huiomba kila Pasaka, na tumezifungia kabatini hadi tuwapate wenyewe.