Kushtuka usiku na taya kuuma

Unauliza kama kushtuka usiku, taya kuuma asubuhi na kuwafokea watoto kwa jambo dogo ni msongo wa mawazo. Inawezekana sana, dada. Mwili ukihisi tishio humwaga homoni za msongo, adrenalini na kotisoli, misuli inakaza, moyo unaenda mbio, hata kama tishio lenyewe ni deni tu. Ukishtuka, pumua taratibu, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, kwa dakika 5 hivi. Mapigo ya moyo yatatulia. Kahawa iishie mchana, maana kafeini hukaa mwilini saa nyingi. Na umwambie mtu unayemwamini, tafadhali. Ila kifua kikibana, usisubiri, nenda hospitali.